Likizo ya Kitabu Isiwe Likizo ya Ulinzi

Watu husema kalenda ya shule ni jambo la wizara na walimu, mzazi hana neno humo. Mimi nasema sivyo. Kalenda ya shule ndiyo inayoamua mtoto atakuwa mikononi mwa nani, na kwa muda gani. Kwa hivyo ni jambo la kila nyumba.

Sisi tuliosoma vyuoni hatukuijua likizo ndefu. Alkhamisi mchana tunaachwa, Ijumaa tunapumzika, Jumamosi tunarudi na juzuu zetu. Tulipewa siku za Idi na za Maulidi, basi. Mwaka mzima mtoto alikuwa mbele ya macho ya mtu: akitoka kwa mama yake yuko kwa maalim, na njia baina yao imejaa wajomba na mashangazi. Hata leo shule zikifungwa, vyuo vyetu vingi hubaki wazi, tena ndipo hujaa zaidi.

Sasa tuitazame kalenda ya shule za Tanzania. Mwaka huanza Januari ukaisha Desemba, kwa mihula miwili. Yako mapumziko mafupi katikati ya muhula, iko likizo ya Juni, kisha ya Desemba, ambayo huchukua wiki tano hivi. Lakini mtoto wa darasa la saba ana kalenda yake peke yake. Mtihani wake kwa kawaida huwa Septemba, na akishaweka kalamu chini masomo yake ya msingi yamekwisha. Hukaa nyumbani mpaka Januari, akingoja kidato cha kwanza. Hiyo ni miezi mitatu na zaidi, katika umri wa miaka 12 hadi 14.

Hapa pwani miezi hiyo ni ya kusaidia dukani na kuhifadhi sura. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ndiyo miezi ya kisu. Kwa mila ya Wakurya na baadhi ya jirani zao, binti huhesabiwa mtu mzima akishakeketwa. Wazee wa mila, baraza lao likiitwa inchama, ndio hutangaza msimu, na zaidi huwa katika mwaka wa shufwa, yaani unaogawanyika kwa mbili, kama 2020, 2022 na 2024. Mwezi wao mkubwa ni Desemba. Kwa nini Desemba? Kwa sababu jeraha linataka wiki kadhaa kupona, na shule ikifungwa hakuna mwalimu wa kuuliza fulani yuko wapi. Baada ya hapo hufuata posa, na ng'ombe. Sisi tumefundishwa kwamba mahari ni mali ya binti mwenyewe. Huko ng'ombe huingia zizini kwa baba, na mara nyingi ndio watakaomwolea kaka yake mke. Kwa hivyo kisu kina faida kwa mtu, na ndiyo maana ni kigumu kukitupa.

Sheria ipo. Tangu 1998 kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 32 wamekeketwa, hali ya kuwa kwa nchi nzima ni 10.

Basi wako mabinti ambao likizo ikikaribia huanza kutafuta pa kukimbilia. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, iko nyumba salama ya shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Bi Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni. Tarime kuna kituo cha Masanga, ambako watawa wa Kikatoliki huweka kambi ya mabinti wakati wa likizo ndefu. Husoma, hulala salama, na msimu ukipita huzungumzwa na wazazi warudi nyumbani. Hawaelekei kibla chetu, lakini mwenye haki yake apewe. Walichofanya ni kuuunga mwaka pale ulipokatika.

Jambo hili halikai mbali nasi. Mwaka 2024 kijana niliyemsomesha, fundi cherehani, alinijia baada ya Alasiri. Mkewe ni Mkurya kutoka Serengeti, amesilimu, mwanamke mwema. Binti yao mkubwa alikuwa amemaliza darasa la saba, na bibi yake ametuma neno: mleteni mjukuu wangu akae nami mpaka Januari.

Kijana akasema, "Maalim, nikimzuia nitakuwa nimekata udugu. Nikimpeleka, sitalala."

Nikamwuliza, "Mama yake anasemaje, mwanangu?"

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Yeye ndiye aliyenituma kwako."

Nikamwambia udugu hauna msimu. Bibi atumiwe nauli, aje yeye pwani Desemba. Mjukuu ataenda kumwamkia Juni, pamoja na mama yake na baba yake, kwa siku za kuhesabika. Bibi hakuja, wala hakujibu, na mwanawe alilia sana Desemba ile. Juni 2025 wakaenda wote. Bibi aliwapokea, akamwachia mkwewe amchinje mbuzi kwa mkono wake, lakini siku mbili nzima hakusema na mwanawe. Udugu umebaki, una kovu. Na binti yu mzima, yuko kidato cha kwanza.

Wako watu wetu waliowahi kulipaka jambo hili rangi ya dini. Mwezi Novemba 2006 maulamaa walikutana Al-Azhar, Cairo, chini ya Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, wakatamka kwamba ukeketaji ni ada ya kurithi yenye kumdhuru mwanamke, na kwamba ukomeshwe. Mtume wetu, s.a.w., aliwakuta watu wakiwazika mabinti zao wakiwa hai, nao wakiiita mila. Hakuwaachia kwa kuwa ni mila.

Je, kalenda ya mwaka mzima ingeliondoa balaa hili? Katika jimbo la Missouri, Marekani, mpango wa namna hiyo ulianza mwaka 1969: watoto husoma siku 45, hupumzika siku 15 za shule, yaani wiki tatu, kisha huanza tena. Siku za masomo haziongezeki. Zinagawanywa tu ili pasiwe na pengo refu. Wiki tatu ni chache kwa sherehe, jeraha na kupona. Lakini tusidanganyane. Mzazi mkulima anamhitaji mtoto shambani kwa majira yake, mwalimu naye anataka pumziko, na ada inaweza kuhama mwezi. Mwaka 2020 Kenya ilifunga shule mwezi Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Huko Kuria, ng'ambo ya mpaka, kwa Wakurya wale wale, wasichana walikeketwa kwa makundi, tena mchana, kabla Desemba haijafika. Kisu kilifuata pengo, hakikufuata mwezi.

Kwa hiyo la kwanza ni kuliziba pengo. Sera ya elimu, toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imesema elimu ya lazima iwe miaka 10: msingi 6 na sekondari 4. Ikitimizwa vyema, huenda ule ufa wa Septemba ukazibika. Kabla ya hapo, shule yenye nafasi ingeweza kuwaweka wa darasa la saba hadi Desemba, wafundishwe masomo ya sekondari au kazi ya mikono. Kumlisha binti uji shuleni kwa miezi mitatu si ghali kuliko kumtibu.

Na sisi wa pwani tunalo letu. Kama katika nyumba yako yuko binti kutoka huko anayekusaidia kazi, usimpe nauli ya Desemba kabla hujamwuliza, peke yenu, kama anakwenda kwa khiyari yake. Akiinamisha kichwa, mwache akae. Likizo ni ya kitabu. Jicho la mzazi halina likizo.

Wabillahi tawfiq.