Kivuli cha Adhuhuri Katika Nchi ya Baridi

Sisi tuliozaliwa Mombasa tulilelewa kulikimbia jua. Likikaa utosini, wazee huhamia baraza yenye kivuli, na mama humwita mtoto aingie ndani asije akaumwa na kichwa. Haikunipitikia kabisa kwamba iko siku nitaishi mahali ambapo jua hutafutwa kama dawa, na kwamba kwa kutolijua jambo hilo nitamdhulumu mke wangu.

Tulihamia Leicester, katika Uingereza, mwaka 2011. Majira ya baridi ya kwanza yalipita salama. Ya pili, mke wangu akaanza kulalamika: "Bwana, mifupa yaniuma, na mapaja hayana nguvu. Ngazi naipanda kwa kushika ukuta." Nikamwambia ni baridi tu, avae soksi nzito. Mwezi wa Januari akashikwa na homa ya kifua iliyomlaza wiki tatu, na mtoto wetu akakohoa pamoja naye. Nami, kwa huruma ya mjinga, nikamwekea kiti karibu na dirisha la kioo ili jua la adhuhuri limpige. Kila siku akikaa pale, nami nikijiona nimemtibu.

Jirani mmoja alisema ni buibui lililomletea maradhi. Mwingine alisema ni kadari, tusubiri. Nikasubiri hata mwezi wa Machi, ndipo nikampeleka kwa daktari. Akapimwa damu, na vitamini D ikaonekana imepungua mno.

Daktari alitueleza kwa upole. Vitamini hiyo mwili huifanya wenyewe, ngozi ipigwapo na mionzi fulani ya jua isiyoonekana kwa macho. Ikikosekana, mwili hauwezi kuipokea vyema kalsiamu iliyomo katika chakula. Mtoto hupata matege, na mtu mzima huumwa na mifupa na kulegea misuli. Nikamwuliza juu ya kile kiti cha dirishani. Akasema kioo hupitisha mwangaza na joto, lakini mionzi ile huizuia. Niliinamisha uso.

Tuliporudi nyumbani nikakumbuka somo la chuoni. Kila Mwislamu aliyefundishwa nyakati za sala ajua kupima kivuli. Mombasa, mwezi wa Machi, kivuli cha adhuhuri hujificha chini ya nyayo. Leicester, mwezi wa Desemba, saa ile ile ya adhuhuri, kivuli cha mtu hufika karibu mara nne ya urefu wake! Jua lililoinama hivyo, mionzi yake hupita katika hewa nyingi mno, na ile yenye kufanya vitamini D humezwa njiani. Kwa hiyo katika Uingereza, tangu Oktoba hata mwanzo wa Machi, jua halimtoshelezi mtu yeyote, ajisitiri asijisitiri.

Basi buibui halina lawama ya majira ya baridi. Lakini haki isemwe: mwenye kujisitiri, na mwenye ngozi nyeusi, hupata kidogo hata wakati wa joto, akaingia katika baridi akiba yake ikiwa haba. Ndiyo sababu tangu mwaka 2016 wakuu wa afya wa Uingereza hushauri watu wote wafikirie kutumia mikrogramu 10 kila siku katika miezi ya baridi, na watu kama sisi mwaka mzima. Mtoto mchanga anyonyaye hupewa mikrogramu 8.5 hadi 10.

Je, vitamini hii huzuia mafua na homa ya kifua? Hapa yatupasa kusema kweli. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 25 ya watu wapatao 11,000, wakaona kinga kidogo, khasa kwa waliopungukiwa sana wakatumia kiasi kidogo kila siku au kila wiki. Ilipofika mwaka 2025, majaribio mengi zaidi yalipokusanywa, faida hiyo haikuonekana wazi tena. Basi tuitumie kwa ajili ya mifupa na misuli, wala tusiifanye hirizi ya kifua. Kwa kifua, tufungue madirisha, tunawe mikono, tuzuie moshi wa sigara ndani ya nyumba, na chanjo ya homa ya mafua tusiikimbie.

Na mambo mawili zaidi. Vidonge vingine vina gelatini ya nguruwe. Mwulize muuza dawa, kwani viko visivyo nayo, na matone pia. Wala usizidishe kwa tamaa ya kupona upesi: zaidi ya mikrogramu 100 kwa siku yaweza kumdhuru mtu mzima, na kiasi cha mtoto ni chini ya hapo.

Mke wangu alitumia dawa aliyoandikiwa, na majira ya joto yalipofika akaipanda ngazi bila kushika ukuta. Nilimwomba radhi. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali, mimi nilitawakali na ngamia nimemwacha wazi.

Ndugu msomaji uliye katika nchi za baridi, mkeo akikwambia kwamba mifupa yamuuma, usimwekee kiti dirishani. Mpeleke apimwe.