Nani anashika mkia?



Juma hili tunataka kuongea juu ya neno moja dogo ambalo sisi wenyewe tulilitumia vibaya mbele ya watoto. Neno hilo ni mkia, au mukia, kama tunavyolitamka hapa kwetu. Tulisoma ISP, diploma tunayo, tunafundisha mwaka wa tatu wa primeri, na bado ilibidi mtoto wa miaka 9 atufundishe maana yake.

Ilikuwa mwisho wa trimestri ya kwanza. Mnajua jinsi madarasa yalivyojaa tangu primeri iwe ya bure mwaka 2019. La kwetu lina watoto 64. Tulikuwa tunagawa buletini, tukisoma majina kuanzia wa kwanza, na tulipofika chini kabisa sauti ilikuwa imekauka na tulitaka kwenda nyumbani. Tukasema: “Na wewe, mtoto wangu, ndiye unashika mkia.” Tulisema kwa kuchekesha. Darasa lote likacheka, na sisi tukacheka nao.

Kufika uwanjani hakuwa tena na jina lake. Alikuwa Mukia. Mukia, leta mpira. Mukia, pita nyuma.

Mtoto huyo alikuja kwetu mwezi wa kumi, masomo yakiwa yamekwisha anza. Familia ilikimbia kutoka upande wa Oicha. Wa Beni hawahitaji kuelezwa. Tangu Oktoba 2014 wamezika watu wengi mno. Mama yake alipata chumba kwa jamaa hapa Butembo na anauza lenga-lenga asubuhi, makala jioni. Mtoto alikuwa amepoteza karibu mwaka mzima bila kushika kalamu. Hayo yote tuliyajua siku ile tulipocheka.

Baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya hakurudi. Juma la kwanza tulidhani ni homa. Juma la tatu mama yake akaja mwenyewe, beseni la lenga-lenga kichwani, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Mwalimu, mutoto anakataa masomo. Anasema atarudia siku mutamukata mukia.”

Hatukuwa na jibu. Tulinunua lenga-lenga, tukaahidi kupita kwake Jumapili.

Usiku ule tulichukua daftari tukaanza kuandika kila mahali ambapo neno hili linapita katika Kiswahili chetu. Labda ni tabia ya mwalimu: akiona haya anaandaa somo. Kufyata mkia ni kuogopa na kunyamaza, kama mbwa aliyefukuzwa jikoni. Nyota yenye mkia inaonekana angani mara chache katika maisha ya mtu. Mkia wa ng'ombe ukikaushwa na kutiwa mpini unakuwa usinga, na mtu mkubwa akiushika watu wananyamaza. Mzee Jomo Kenyatta wa Kenya alitembea nao hata alipokuwa Rais. Nywele za mkia wa tembo wanazisokota bangili. Na wazee husema, umekula ng'ombe mzima, usishindwe na mkia, yaani kipande cha mwisho ndicho kinachompima mtu.

Kifaransa tunachofundisha nacho kinatumia neno moja, queue, kwa mkia wa mnyama na kwa mstari wa watu wanaongoja zamu. Kwa hiyo kila mama aliyesimama na bidoni yake kwenye robine saa kumi na moja ya asubuhi yuko ndani ya mkia, na hakuna anayemcheka. Anangoja tu maji.

Halafu tukafika kwenye “kushika mkia”. Tuliwaza wanaume wanaopandisha ng'ombe mkaidi kwenye gari. Mmoja yuko mbele anavuta kamba, mwingine yuko nyuma ameshika mkia na kusukuma. Wa nyuma ndiye anayepigwa mateke na kuchafuliwa, na akiuachilia ng'ombe anarudi chini. Sasa sijui, wamama, nani aliyeamua kwamba kushika mkia ni kazi ya mjinga.

Tena tuangalie jikoni mwetu. Ukipata samaki mmoja wa Kyavinyonge au wa Vitshumbi, kichwa kinaenda kwa baba, kipande cha kati kinagawiwa watoto, na mkia unabaki kwenye sahani ya nani? Wengi wetu tumekula mkia tangu siku ya ndoa. Hatukuitwa Mukia kwa sababu hiyo.

Na kuhesabu si kosa. Kwetu Wanande kuhesabu kumo hata ndani ya jina: mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Hatujasikia mtu akimcheka Kakule kwa kuwa alikuja nyuma ya wengine. Zamu ya kuzaliwa ni zamu tu. Lakini zamu ya buletini tumeigeuza kuwa jina la mtu.

Jumapili tulipita kwao. Mtoto alikaa nyuma ya mlango. Hatukumbembeleza sana. Tulimwambia mama yake, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya mlango, kwamba Jumanne tuna somo juu ya mbuzi na ng'ombe, na kwamba watoto wa mjini hawajui kitu.

Jumanne alikuja, akakaa benchi la mwisho.

Kabla ya somo tulisimama mbele ya wote tukasema kwamba siku ya buletini tulitoa neno baya, kwamba tunaomba samahani kwa mwenzao, na kwamba jina lile limekwisha. Mwenzetu mmoja alituambia baadaye kuwa mwalimu akimwomba mtoto samahani darasa linamshinda. Darasa letu halijatushinda. Lina kelele kama zamani, basi.

Kisha tukauliza: mkia unafanya kazi gani? “Kufukuza inzi!” wakapiga kelele wote. Mmoja akasema kinyonga anashika nao tawi. Mwingine akasema mjusi anauacha mkia wake kwa paka, anakimbia, kisha anaota mwingine. Mmoja akauliza kwa nini kobayi hana, na hapo tulipoteza dakika tano, maana kila nyumba ina kobayi na kila mtoto alitaka kuapa kwamba amemwangalia vizuri.

Kutoka nyuma, mkono ukainuka. “Kamwana ka mbuzi kakinyonya na kakapata maziwa, mukia inacheza mbio-mbio. Ikinyamaza, mama yake hana maziwa, ama kenyewe kako kagonjwa.” Akaendelea. Ukinunua mbuzi sokoni, alisema, inua mkia kwanza. Chini yake pakiwa pachafu, anaharisha, usitoe franka zako. Tuliandika ubaoni maneno yake kama alivyoyasema, na watoto 63 wakayanakili.

“Nani alikufundisha?”

“Baba.”

Hatukuuliza zaidi. Mama yake alikuwa ametuambia Jumapili baba alipobakia.

Tusiwadanganye kwamba mambo yote yamenyooka. Kwa trimestri ya pili amekuwa wa 58. Hesabu zinakwenda, kusoma bado kunamtesa, na siku mbili tatu tumesikia lile jina tena nje ya ukuta wa shule, mahali ambapo hatuna mkono. Lakini anakuja kila siku, na wenzake wa mjini wanamuuliza habari za mbuzi.

Kuna jambo tunalowaomba. Mtoto akiingia na buletini, swali letu la kwanza huwa “Umekuwa wa ngapi?” Hata sisi tumewauliza wa kwetu hivyo. Katika darasa la 64 lazima mmoja awe wa 64, hata wote wakipita asilimia 50. Fungua buletini, tafuta hesabu, tafuta kusoma, angalia kilichopanda na kilichoshuka, na uulize juu ya hicho. Mtoto akificha buletini chini ya godoro, mara nyingi ni swali lile analikimbia, si fimbo. Siku ya proklamasio kwetu, direktere amekubali kwamba darasa letu tusome majina ya waliopita bila kutaja namba, na kila buletini tuitie mkononi mwa mzazi. Kwa madarasa mengine amesema ataona.

Trimestri ya tatu inaanza Jumatatu. Tumeandikisha watoto wawili wapya, dada na kaka, wametoka upande wa Eringeti na hawana karatasi yoyote. Dada mtu alituuliza kama wanaweza kukaa benchi moja.