Sally Kaondoka, Madoka Naye

Ndugu msomaji, usicheke. Wako wasomi wazima, tena wa vyuo vikuu, ambao kazi yao ni kutazama katuni za Kijapani za wasichana wenye uchawi. Neno lenyewe tulisamehe: kwetu linanuka tunguri na usiku wa manane, lakini kule ni riboni na kioo cha mkononi.

Kwenye televisheni mambo yalianza mwaka 1966, studio ya Toei ilipotoa Sally, binti wa mfalme wa nchi ya wachawi anayeshuka duniani kuishi na watoto wa kawaida. Mchoraji wa hadithi hiyo, Mitsuteru Yokoyama, alipata wazo kwenye mchezo wa Kimarekani uitwao Bewitched, wa mke wa nyumbani ambaye mumewe hataki atumie uchawi wake. Basi hapo ndipo watafiti wanapouliza swali linaloninyima usingizi: nguvu hizi msichana kapewa mpaka lini? Kumiko Saito, katika makala aliyoitoa mwaka 2014, anaonyesha kwamba katika katuni za miaka ile uchawi ulikuwa mambo ya utotoni. Msichana acheze nao, kisha auache, akawe mke wa mtu. Sally mwenyewe, hadithi ilipokwisha mwaka 1968, alirudi kwao.

Nauliza kwa sababu nina riwaya ndani ya daftari. Shujaa wangu ana miaka 14 na mdomo usiolala. Kila anayeisoma ananiambia, "Mwishoni mwoze, bwana, hadithi itulie." Kana kwamba ujasiri wake ni nguo ya kuazima!

Nikadhani Sailor Moon ya Naoko Takeuchi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1992, ingeniokoa. Usagi ni mlizi, mchelewaji wa shule, lakini anapigana, tena na wenzake, na uchawi haurudishi. Anne Allison, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, ameandika pia jinsi katuni hiyo ilivyokwenda sambamba na biashara ya vitu vya kuchezea. Sawa, biashara ni biashara. Kinachonikera ni kwamba hata Usagi ameshawekewa yote tayari: kiti cha enzi, mume na mtoto.

Halafu ikaja Madoka mwaka 2011, iliyoandikwa na Gen Urobuchi. Humo wasichana wanafunga mkataba na kijinyama cheupe: wanapata ombi moja, roho zao zinatolewa na kutiwa ndani ya kito, na wakikata tamaa wanageuka kuwa wale wale wachawi waliokuwa wakiwawinda. Madoka anawaokoa wote. Malipo yake? Anafutika duniani, mpaka mama yake mzazi hamkumbuki. Mdogo wake ndiye anabaki akimchora chini kwa kijiti.

Wapo wanaouita ukombozi. Mimi naona miaka zaidi ya 40 imepita na mwenye nguvu bado anaonyeshwa mlango. Wa kwangu nimembakiza sokoni, hajaolewa, hajapaa, anadai chenji yake.