Nyangumi Aliyepanda Lokichar

Sarafu yenyewe ilikuwa kubwa kidogo kuliko shilingi ishirini, nzito mkononi, na upande mmoja ilichorwa nyangumi akiinua mkia. Pembeni ilikuwa na herufi na tarakimu ndogo ambazo hazifanani na za sarafu nyingine yoyote duniani. Mwenyewe yuko Ulaya, sijawahi kuonana naye. Alikuwa ameiandikia kazi moja tu: ipelekwe mbali na bahari kadiri itakavyowezekana. Niliipokea Kitale kutoka kwa mchezaji mwenzangu, na kwa kuwa nilikuwa na safari ya Lokichar, ambako sikuwa nimewahi kufika, mzigo ukaniangukia mimi.

Kwa wasioujua mchezo huu wa jiokashi, niueleze kwa ufupi. Watu hufichiana makopo porini na mijini, wakatangaza vipimo vya mahali yalipo, na wenzao wakayatafuta kwa GPS. Ulianza Mei 2000. Marekani ilikuwa imeacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia, na haikupita hata wiki, Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawaalika wengine waitafute. Sarafu za kusafirishwa zilifuata mwaka 2001. Ukiikuta kwenye kopo unaichukua, unaandika nambari yake kwenye tovuti ya mchezo, kisha unaipeleka kopo jingine au unampa mchezaji mwingine mkononi. Kila hatua inahesabiwa kwa kilomita. Si mali yako, wewe ni mchukuzi tu.

Zenye wanyama ndizo zinazopendwa sana: kobe, bundi, mbwa mwitu, vipepeo. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu zikipendeza mno hazirudi njiani. Mtu anaitia kabatini, basi. Ndiyo maana wamiliki wengi siku hizi hawaziachii kabisa. Wanazipanga kwenye albamu, wakikutana na wenzao wanazionyesha, kila mmoja ananakili nambari na kuandika kwamba ameiona. Mimi pia nilikuwa na yangu ya chui, ambayo haikuwahi kulala nje ya mfuko wangu.

Tuliondoka Kitale alfajiri kwa nissan iliyojaa hadi mlangoni. Kapenguria kulikuwa na ukungu na kila mtu amejikunyata. Baada ya Ortum barabara inateremka, milima imebana pande zote mbili, na kufika Marich sweta zote zilikuwa zimeshavuliwa. Kainuk, mlango wa kuingilia kaunti ya Turkana, polisi walituangalia vitambulisho. Baada ya hapo nchi inafunguka: migunga, mathenge, vichuguu vyembamba vilivyo virefu kuliko mtu, magunia ya makaa yakisubiri wateja kando ya lami. Madirisha yote yalikuwa wazi na upepo ulioingia ulikuwa wa moto.

Lokichar ni mji wa barabarani. Ungeweza kuupita bila kuuliza jina lake, lakini Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana karibu nao, katika kisima cha Ngamia 1, na tangu hapo jina lake limo kwenye magazeti ya dunia. Kilichonivutia mimi, kwa sababu ya kilichokuwa mfukoni mwangu, ni kwamba visima hivyo ni zizi zima la wanyama. Baada ya Ngamia ilikuja Twiga, kisha majina ya Kiturkana: Etuko ni punda milia, Ekales ni mbuni, Amosing ni kifaru, Etom ni tembo. Juni 2018 malori ya kwanza yalibeba mafuta ya Ngamia hadi Mombasa, na Agosti 2019 meli ikaondoka na shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Kenya. Ngamia wakashuka pwani. Nyangumi wangu alikuwa anapanda.

Niliketi kwenye hoteli ya mabati kumsubiri dada mmoja mchezaji, anayefanya kazi Kakuma, ambaye angepita jioni akirudi kazini. Nilipomaliza chai nikamwaga sarafu mezani ili nilipe, na nyangumi akatoka pamoja nazo. Mama mwenye hoteli akamwokota, akamgeuza.

“Hii samaki inanunua nini?”

“Hainunui kitu, mama. Inatembea tu.”

Akairudisha, akachagua tembo. Tangu Desemba 2018 sisi Wakenya wote ni wakusanyaji wa sarafu za wanyama, tupende tusipende: twiga yuko kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, tembo kwenye ishirini. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu binafsi kwenye pesa, marais wakatoka, wanyama wakaingia. Wale marais wa zamani bado wanazunguka madukani, na kwenye kopo la mama huyo walilala kifua kwa kifua na simba.

Meza ya pili alikaa mzee mmoja ambaye ekicholong yake, kile kigoda cha mbao kinachogeuka mto usiku, ilikuwa miguuni pake. Aliomba kuiona sarafu. Hakujali mchoro. Alipitisha kucha pembeni, kwenye zile tarakimu, akaniuliza kwa Kiswahili cha polepole, “Hii ndiyo chapa ya mwenyewe?”

Nikamwambia ndiyo. Hakuhitaji maelezo zaidi. Watu wa Ulaya, kwa hesabu yake, walikuwa wamegundua jambo ambalo Waturkana wanalijua siku nyingi: kila ukoo una alama yake ya kuchoma mifugo kwa chuma cha moto, na ngamia akipotelea mbali, anayemwona husoma ubavu wake akajua ametoka kwa nani. Alilotaka kujua ni jingine.

“Na wewe uliyembeba, unakunywa maziwa yake?”

Swali lake lilikuwa la haki. Mfugaji wa Turkana haweki mifugo yote boma moja. Mingine huwapa marafiki na wakwe walio mbali, kwa sababu ukame au wavamizi wakipiga upande mmoja, upande mwingine hubaki na mbegu. Anayemtunza mnyama wa mwenzake hufaidi maziwa, na urafiki hudumu kwa deni hilo. Nilifikiri kidogo, nikamjibu kwamba maziwa yangu ni safari: bila samaki huyu labda nisingefika Lokichar kwa hamu niliyofika nayo. Alicheka hadi akashika mbavu. Aliona nimepunjwa.

Konda wa nissan yetu, kijana wa hapohapo, alikuwa akicheka jambo jingine: nyangumi huku, penye mito ya mchanga? Nikapata nafasi ya kutoa nilichokuwa nimekisoma kabla ya kuja. Mwaka 1964, huko Loperot, mashariki ya Lokichar, wachimbaji wa visukuku walipata mifupa ya nyangumi mwenye mdomo mrefu, aliyekufa miaka milioni 17 iliyopita. Palipopatikana ni kilomita 740 hivi kutoka pwani ya leo, mita 620 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu walioandika habari zake mwaka 2015 walieleza kwamba alipotea njia, akaingia kwenye mto mkubwa uliomwaga maji Bahari ya Hindi, akapanda nao hadi akakwama. Maana yake nchi hii wakati huo ilikuwa tambarare ya chini, yenye mvua, na iliinuka baadaye. Mifupa yenyewe nayo ilipotea kwa zaidi ya miaka thelathini kati ya makabati ya watafiti, mpaka ilipoonekana tena mwaka 2011.

Mzee aliijua Loperot, kwa malisho. Habari ya samaki mkubwa aliisikiliza, akauliza kama mto ule ulikuwa na jina. Konda aliomba sarafu aipige picha. Nikamwonyesha namna ya kufunika nambari kwa kidole gumba, maana nambari ikienea, watu wataandika wameiona sarafu wasiyoishika.

Dada wa Kakuma alifika jua likipungua, ana haraka, gari halijazimwa. Nikampa nyangumi. Kutoka Lokichar, Kakuma ni mbali zaidi na bahari, mbele ya Lodwar, kwa hiyo mwenyewe wa Ulaya hatakuwa na malalamiko. Alipokuwa anaandika nambari kwenye simu nikakumbuka boma moja na boma mbili, nikatoa na chui wangu.

“Huyu ni wa kuona tu?” akauliza, anajua tabia yangu.

“Hapana, ondoka naye.”

“Nimwandikie kazi gani?”

“Aende popote, dada. Ila kila atakayembeba aandike alikunywa maziwa gani.”