Irente au Lushoto Mjini: Nyumba ya Uzeeni Ijengwe Wapi?

Barabara ya kupanda Usambara huanzia Mombo, ikajipinda kwenye magenge kupita Soni na maporomoko yake, hadi kufika Lushoto baada ya kilometa zipatazo 33. Ukiwa Lushoto mjini, mwendo wa kilometa tano au sita tu hukufikisha Irente. Umbali huo mdogo ndio uliozusha mjadala mrefu katika familia yetu. Wazazi wetu, wakazi wa Tanga kwa miaka mingi, wameazimia kuishi milimani baada ya baba kustaafu. Mafao yake yanatosha nyumba moja tu, na hayatalipwa mara ya pili. Baba alichagua Irente, mama akachagua mjini, nasi watoto tukatumwa kwenda kupeleleza.

Baba hakukosa hoja. Irente ni mahali ambapo mlima hukatika ghafla. Ukisimama kwenye jabali lake, chini yako, kina cha takriban mita elfu moja, unaiona Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na ng'ambo yake tambarare ya Wamasai iliyotanda hadi macho yakome. Njiani unapita Yoghoi na vishamba vya mahindi, maharage na migomba, pamoja na miti ya peasi na pichi. Lipo shamba la Kanisa la Kilutheri linalosifika kwa jibini na mkate, na ipo shule ya watoto wasioona. Watu wake wana utulivu na heshima. Mgeni hapiti bila kuamkiwa. Kwa mzee aliyechoshwa na joto la pwani, huo ni mwaliko mzito.

Lushoto mjini ni habari nyingine. Mji huu, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, umelala bondeni kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400. Hauna mandhari ya kutoa machozi, lakini una hospitali ya wilaya, soko, stendi ya mabasi, ofisi za halmashauri na maduka ya dawa. Mgonjwa akizidiwa usiku, hahitaji kutafutiwa bodaboda ya kumshusha mlimani katika ukungu. Mama alilitaja jambo hili mara moja tu, kwa sauti ya chini, naye ana maradhi ya magoti.

Wazee wetu wametuusia kutafuta jirani kabla ya nyumba. Kwa familia ya Kiislamu, wasia huo una sura zaidi ya moja. Je, adhana inasikika? Mzee ataweza kwenda msikitini alfajiri ya mwezi wa Julai, baridi ikiuma na njia ikiteleza, kisha akarejea salama? Wajukuu wakija likizo, madrasa iko umbali gani? Maswali haya hayajibiwi na dalali. Sisi tulizitembea njia hizo kwa miguu, asubuhi na jioni, tukihesabu dakika za mzee wala si za kijana.

Kisha lipo suala la ardhi, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Uliza kwanza: je, kiwanja kimo katika mpango wa mji, au ni ardhi ya kijiji? Ardhi ya kijiji husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Anayetoka nje ya kijiji hawezi kutegemea karatasi iliyosainiwa na muuzaji na mashahidi wawili. Idhini ya Halmashauri ya Kijiji inahitajika, na haki inayopatikana ni ya kimila. Kiwanja kilichopimwa mjini huwa na ramani na namba, na hati yake hutolewa kwa muda maalumu. Bei yake huwa kubwa, lakini mipaka yake haitegemei kumbukumbu za wazee.

Jambo la pili ni mirathi. Mashamba mengi ya milimani ni ya urithi, na mara nyingi warithi hawajagawana. Anayeuza ni mmoja, wenye haki ni saba, miongoni mwao dada walioolewa mbali. Katika madhehebu ya Shafii, mshirika katika ardhi isiyogawanywa ana haki ya shufaa: anaweza kuichukua sehemu iliyouzwa kwa mgeni kwa kulipa thamani ileile. Tena, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Asiyewauliza warithi wote na mke wa muuzaji hununua kesi badala ya makazi.

Jambo la tatu ni mteremko na maji. Usambara ina miteremko mikali, na mvua za masika hushusha udongo. Tazama kama kuna matuta, miti na mifereji juu ya kiwanja, kwani maji ya jirani wa juu ndiyo yatakayobisha hodi kwako. Bondeni nako kuna mtihani wake: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto. Kiwanja cha bei nafuu kando ya kijito huenda kina sababu ya unafuu wake.

Baada ya shura ya siku mbili, baba mwenyewe ndiye aliyetoa uamuzi. Alisema Irente ataiendea akiwa mzima, bali hospitali ataihitaji atakapokuwa hajiwezi. Na mandhari haimfunguliwi mlango mtu aliyelala kitandani. Wazazi watanunua mjini, insha-Allah, mahali penye kiwanja kilichopimwa na msikiti wa kufikika kwa fimbo.

Hata hivyo, huu si mwiko kwa kila mtu. Kijana mwenye afya, anayetaka kulima mboga na kufuga ng'ombe wa maziwa, huenda akaiona Irente kuwa ndiyo baraka yake. Ila kabla ya kutoa fedha, apange nyumba huko kuanzia Juni hadi Agosti pamoja na familia yake. Baridi, ukungu na majirani vitamweleza ambayo muuzaji hakuyasema.