Sahani ya Omena

Mke wangu alipochukua mimba ya kwanza, mama yangu alimkataza samaki na mayai. Alihofu kwamba mtoto angenenepa tumboni na uzazi ukawa mgumu. Mimi, mwalimu wa sayansi niliyehitimu chuo cha ualimu, niliketi kimya mezani nikala samaki aliyenyimwa yule mwenye haja naye zaidi. Aibu ile ningali nayo.

Kwa maana nilijua. Ubongo ni kiungo cha mafuta: ukiondoa maji yake, zaidi ya nusu ya uzito unaobaki ni mafuta. Miongoni mwao imo aina ya omega-3 iitwayo DHA, ambayo mwili wa binadamu hujitengenezea kwa uchache sana. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba ubongo wa mtoto huikusanya kwa pupa, nayo hutoka katika damu ya mama, yaani katika chakula chake na akiba ya mwili wake. Samaki ni hazina yake kubwa.

Mwaka 2007 zilitangazwa habari za wajawazito karibu 12,000 wa Bristol, Uingereza. Watoto wa wale waliokula samaki kidogo, chini ya gramu 340 kwa juma, walielekea zaidi kupata alama za chini katika mtihani wa akili ya maneno. Walakini msomaji asikimbilie vidonge. Huko Australia wanawake wapatao 2,400 walishiriki katika jaribio, baadhi wakipewa mafuta ya samaki kila siku. Matokeo ya mwaka 2010 hayakuonyesha kuwa watoto wao waliwapita wenzao kwa akili walipotimiza miezi 18. Mimi naona heri samaki mwenyewe, mwenye protini na madini pia, tena awe mdogo, kwani wakubwa kama papa hukusanya zebaki mwilini.

Mimba ya pili ilipokuja, nilirudi kutoka sokoni na kilo ya omena.

“Mwanangu,” alisema mama, “mimi nimezaa saba bila vitabu.”

“Kweli, Mama. Lakini ulipokuwa na mimba yangu, ulikula nini?”

Alicheka mpaka akafuta machozi. Alikiri kwamba kila alipokwenda kwa shangazi yake, kando ya ziwa, alikula omena kwa siri, asijue mama mkwe wake.

Jioni ile alizichambua omena kwa mikono yake, akatoa mchanga, na sahani ya kwanza akampa mke wangu.