Gazi Si Petroli: Mwezi wa Kumi kwenye Njia ya Likasi

Mtu wa Lubumbashi akisema “mwezi wa kumi”, hana haja ya kuongeza neno. Mvua haijashuka bado, majani ya pori yamekwisha kuungua, na toka saa nne ya asubuhi jua linachoma. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kupita usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo wageni wengine wanafikiri hatujui joto. Waje mwezi wa kumi! Mchana tunafika nyuzi 32 au 33 kwenye kivuli. Ndani ya motokari iliyofungwa madirisha, hilo ni jambo lingine kabisa.

Katika mwezi huo, mwaka jana, nilikuwa na safari ya Likasi. Si mbali, ni kilomita 120 hivi. Nilibeba mama mmoja kijana, mtoto wake wa majuma matatu, na nkambo wa mtoto. Mtoto alizaliwa Lubumbashi, na sasa walikuwa wanarudi kwao. Motokari yangu ni ya okazyo, lakini iko na klimatizeri, kile chombo cha kupoza hewa. Juma moja mbele ya safari nilikuwa nimelipa garaji moja ya mjini ili watie gazi. Ilikuwa mara ya tatu katika mwaka ule. Kila mara neno lilikuwa lilelile: “Gazi imeisha, Pasta. Tunaongeza tu.” Nami nililipa, kwa maana nilidhani gazi inaisha sawa vile petroli inaisha.

Kutoka mjini mpaka Lwisha

Tulipanga kutoka saa moja ya asubuhi. Tulitoka saa tano. Kila mtu anayesafirisha familia anajua namna mambo hayo yanavyokwenda.

Tuliacha nyuma dohani ndefu ya Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, tukashika njia kubwa ya kwenda Likasi na Kolwezi. Njia ile ni ya malori. Yanabeba shaba, kobalti, asidi, mafuta, na kila moja linaacha moshi na vumbi nyuma yake. Tulifunga madirisha, nikawasha klimatizeri, na kwa nusu saa ya kwanza tulisafiri vizuri. Mama kijana alisinzia, na mtoto pia.

Kisha tukakuta mstari wa malori yaliyosimama. Lori moja lilikuwa limeharibika katikati ya njia. Hapo ndipo hewa ilianza kubadilika. Kwanza ilitoka vuguvugu, kisha ikatoka moto. Niliwaambia, “Vumilieni kidogo, itarudi.” Sikufungua madirisha kwa sababu ya vumbi na moshi. Dakika zilipita. Mtoto alilia, akakataa ziwa, uso wake ukawa mwekundu. Baadaye akanyamaza. Kilio cha mtoto kinachosha, lakini kunyamaza kwake katika joto kunaogopesha zaidi.

Nkambo hakuningoja. Alisema kwa sauti, “Pasta, fungua dirisha! Mavumbi tutaosha. Moto huu unaua mtoto.”

Tulifungua yote. Malori yalipoanza kusogea, tulikwenda polepole mpaka Lwisha, penye migodi ya shaba, tukasimama chini ya mwembe. Nkambo alilowesha kitambaa, akampangusa mtoto shingo, makwapa na miguu, akampepea kwa kanga. Mama alikunywa maji mengi. Baada ya robo saa hivi mtoto alishika ziwa tena, na sisi wote tukapumua. Tulipofika Likasi, muuguzi alimpima, akakuta hana neno. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza: Nimelipa mara tatu, nimelipa nini?

Fundi wa Likasi

Kesho yake watu walinipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza frigo na klimatizeri. Nilimwambia, “Mwana wangu, gazi imeisha tena.” Hakuchukua chupa ya gazi. Alifungua kapo, akachukua taa, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita: “Pasta, kuja uone.”

Alinionyesha mahali ambapo mabomba mawili yanaungana. Palikuwa na alama nyeusi ya vumbi lenye mafuta. Alipaka povu la sabuni pale, na mapovu madogo yakaanza kuvimba yenyewe. “Gazi si petroli,” alisema. “Petroli inaunguaka. Gazi inazungukaka tu ndani ya mabomba. Kama inapunguka, iko na tundu. Wale walikuuzia gazi, lakini hawakutafuta tundu.”

Alinieleza kazi yenyewe, nami nawapa ninyi namna nilivyoielewa. Klimatizeri haitengenezi baridi. Inachukua joto ndani ya motokari na kulitupa nje. Mnakumbuka sindano ya dispensari: muuguzi anapangusa alkoli kwenye mkono, na mahali pale panasikia baridi. Ni kwa sababu alkoli, ikigeuka kuwa mvuke, inachukua joto la ngozi. Mtungi wa udongo nao unapoza maji kwa njia hiyo. Ndani ya motokari, kompreseri inayozungushwa na moteri inasukuma gazi kwa nguvu. Gazi inakwenda mbele, kwenye kondanseri, ambayo inafanana na radiateri na imekaa mbele yake. Pale inapigwa na upepo, inatupa joto, inageuka kuwa maji. Kisha inapita kwenye tundu dogo sana, inaingia katika bomba za nyuma ya dashibodi, inageuka tena kuwa mvuke, na inachukua joto la hewa yetu. Halafu inarudi kwa kompreseri, na safari inaanza upya.

Basi nikaelewa kwa nini tulipoza vizuri tulipokwenda, na tukaungua tuliposimama. Kondanseri yangu ilikuwa imejaa udongo, majani makavu na wadudu. Motokari ikienda mbio, upepo kidogo ulipita. Ikisimama, haukupita tena, na gazi kidogo iliyobaki haikuweza kazi.

Fundi alibadilisha mpira mdogo wa mviringo kwenye kiungo, akaweka na kichupa kipya cha kukausha maji ndani ya mabomba. Akaunganisha pompi ya kunyonya hewa yote, akaiacha ifanye kazi karibu nusu saa. Mwisho akatia gazi kwa kuipima kwenye mizani. Kipimo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kapo. Magari madogo mengi yanataka kati ya gramu 400 na 700 tu, na ikizidi, haipozi vizuri, tena kompreseri inaumia. Nililipa zaidi kuliko kutia gazi mara moja, lakini si zaidi ya zile mara tatu nilizokwisha kulipa.

Mambo ya kushika

Niliandika mashauri yake kwenye daftari. Haya hapa:

1. Ukiambiwa gazi imepunguka, uliza kwanza: “Inatokea wapi?” Tafuta vumbi lenye mafuta kwenye viungo. Mafuta ya kompreseri yanasafiri pamoja na gazi, kwa hiyo pale gazi inapotorokea yanaacha alama.

2. Osha kondanseri kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, moteri ikiwa imepoa. Maji ya nguvu yanakunja vile vibati vyembamba. Katika mitaa yetu ya udongo, kama Kenya au Katuba, usingoje mwaka mzima.

3. Magari mengi yako na filtri ya hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya sanduku la dashibodi. Ikijaa vumbi, upepo unakuwa mdogo hata kama gazi ni ya kutosha.

4. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi, washa klimatizeri dakika kumi kila juma. Ikikaa miezi bila kuzunguka, mafuta hayafiki kwenye mipira, nayo inakauka na kuachia gazi.

5. Motokari iliyokaa juani, fungua milango au madirisha kwanza, hewa ya moto itoke. Kisha funga, ubonyeze kifungo chenye mchoro wa mshale unaozunguka ndani ya motokari. Hapo inapoza hewa iliyokwisha kupoa, na vumbi haliingii sana. Safari ikiwa ndefu, ruhusu hewa mpya mara kwa mara, kwa maana hewa ile ile inaleta usingizi.

6. Mshale wa joto la moteri ukipanda kwenye mlima, zima klimatizeri mara moja. Inachukua nguvu ya moteri na kuongeza joto mbele ya radiateri.

7. Maji safi yanayodondoka chini ya motokari wakati wa joto si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa ambao umeshikwa na baridi.

8. Usikubali kutiwa gazi ya kupikia. Inaweza kupoza, lakini inawaka moto, nawe umekaa mbele yake pamoja na watoto. Na ile gazi ya kweli usiichezee. Ikiruka kwenye jicho au ngozi, inagandisha na kuumiza.

La tisa ninaliongeza mimi: usiache mtoto ndani ya motokari iliyofungwa, hata “dakika mbili tu” za kununua mkate. Katika dakika kumi joto la ndani linaweza kupanda nyuzi kumi, na katika saa moja zaidi ya nyuzi ishirini. Mwili wa mtoto unashika joto upesi kuliko wetu, na hawezi kufungua mlango.

Gazi inayotoroka inakwenda wapi?

Vijana wataniuliza swali hilo, na ni swali zuri. Zamani magari yalitumia gazi iliyoitwa R12. Wenye elimu walivumbua kwamba inaharibu ozoni, ile tabaka ya juu inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal, Kanada, kuacha gazi za namna hiyo. Badala yake ikaja R134a, ambayo bado imo katika magari mengi ya okazyo tunayoendesha hapa. Hiyo haiharibu ozoni, lakini inashika joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko moshi wa kaboni wa uzito uleule, ukihesabu miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, kwa jirani zetu wa Rwanda, wakapatana kuzipunguza gazi hizo nazo. Magari mapya mengi yanatumia gazi nyingine, R1234yf, na si vizuri kuzichanganya.

Kwa hiyo tundu dogo la motokari yangu lilikuwa linakula mfuko wangu na kuongeza joto la dunia pamoja. Na kijana anayejua kutafuta tundu, kunyonya hewa na kupima gazi kwenye mizani, iko na kazi mikononi mwake. Malori, mabasi, hospitali, maduka ya samaki, wote wanahitaji baridi. Wazazi, mtoto akipenda ufundi huo, msimzuie.

Mwaka huu, mwezi wa nane, nilipita tena Likasi. Yule mtoto sasa anatambaa na kuvuta kila kitu anachokiona. Nkambo alinisindikiza mpaka kwenye motokari. Hakuuliza habari za gazi wala za kompreseri. Alizunguka motokari, akajaribu madirisha yote manne, moja moja, aone kama yanafunguka. Kisha akasema, “Sawa, Pasta. Kwenda muzuri.”